Makachero wa KGB (ujasusi wa Urusi ya Kisovieti) waliotorokea Magharibi: tuwaamini kwa lipi? (uzi mrefu, njoo na kahawa)

Mchungulia Dirisha (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Wiki hii nimerushiwa klipu moja kwenye magrupu matatu, mojawapo ni grupu la msiba wa shangazi ambalo lilitakiwa lifungwe tangu mwezi wa 3. Ni ile ya Yuri Bezmenov, Mrusi aliyetoroka kwao, anahojiwa Marekani mwaka 1984, wameikata imebaki dakika nne, wameiwekea muziki wa kutisha na maandishi ya njano, chini mtu kaandika AMKENI HAYA NDIYO YANATUKUTA. Jamaa anasema kuiangusha nchi hakuhitaji risasi, kuna hatua nne. Unawavunja watu maadili miaka 15 mpaka 20, yaani muda wa kusomesha kizazi kimoja, halafu unaiyumbisha nchi miaka 2 mpaka 5, unakuja mgogoro wa kama wiki sita, halafu "hali imerudi kuwa ya kawaida", na kawaida yenyewe ni ile ya vifaru vya Mrusi barabarani Chekoslovakia 1968. Binamu yangu kaitazama mpaka mwisho kaniambia "huyu alikuwa KGB, anajua".

Sasa hapo kwenye "anajua" ndo nataka tukae.

Niseme msimamo wangu mapema watu wasije wakanivizia. Hawa jamaa mimi nawaamini kwa walichokishika kwa mkono. Walichokuja kukisimulia baada ya mafaili kuwaishia, hapo ndo naomba ushahidi.

Chukua mtu anayehama chama, hii wote tunaijua. Asubuhi kakabidhiwa kadi mpya, jioni yuko jukwaani anamwaga mboga. Akisema kikao cha tarehe fulani nilikuwepo, fulani alipewa bahasha, hiyo unaweza kuifuatilia ukajua kweli au chai. Sasa rudi miaka kumi baadaye, bado yuko jukwaani, vikao alivyokaa vimeisha vyote, ndipo anaanza kukupa mpango wa siri wa chama wa miaka hamsini ijayo. Huyo kashakuwa kazini.

Igor Gouzenko alikuwa karani wa kufungua telegramu za siri ubalozi wa Urusi pale Ottawa. Septemba 1945 akatoka na karatasi 109 alizozificha kwenye nguo, akaenda gazetini usiku wakamuona kama kichaa wakamfukuza, ila karatasi ni karatasi bana, watu wakakamatwa. Rubani Viktor Belenko 1976 yeye hakuleta hata maneno, alileta MiG-25 nzima akaitua Hakodate Japani, Wamarekani wakaifungua wakakuta ile ndege waliyokuwa wanaiogopa ni chuma kizito na ndani ina vifaa vya elektroniki vya zamani vya kutumia valvu. Hakuna cha kubishana, ndege ipo.

Halafu kuna Anatoliy Golitsyn, na huyu ndo sababu ya uzi. Meja wa KGB. Desemba 1961, Helsinki, baridi kali, anabisha hodi nyumbani kwa mkuu wa CIA wa pale akiwa na mke na binti yao. Mwanzoni alikuwa mali kwelikweli. Alisema nyaraka za NATO zinafika Moscow, wakafuatilia, 1963 akakamatwa Mfaransa Georges Pâques aliyekuwa ndani ya NATO yenyewe. Vidokezo vyake vilisaidia pia kumbana John Vassall, karani wa jeshi la majini la Uingereza. Hapo sina neno.

Shida ilianza alipokuwa kamaliza kutoa alichonacho. Akaanza kusema ugomvi wa Moscow na Peking (Beijing ya leo), yaani Urusi na China, ni maigizo. Wanajifanya wamegombana ili Magharibi walale, ni makali mawili ya mkasi mmoja, siku ikifika yanafunga. Yugoslavia kugombana na Stalin? Maigizo. Albania? Maigizo. Romania? Prague 1968 na vifaru vyake? Hiyo nayo maigizo. Na akaweka kufuli kabisa mlangoni: yeyote atakayetoroka baada yangu akasema tofauti na mimi, ujue huyo ni pandikizi katumwa kunichafua.

Wakuu hebu isomeni tena hiyo sentensi. Ukishaikubali hakuna tena ushahidi wa kumpinga, maana kila ushahidi wa kumpinga unageuka ushahidi wa kumuunga mkono.

Na bahati mbaya ikapata mtu wa kuikubali, tena mkubwa, James Angleton aliyekuwa mkuu wa kukamata majasusi ndani ya CIA. 1964 akaja Yuri Nosenko, KGB mwingine, anasema sisi Oswald aliyemuua Kennedy tulikuwa naye Urusi lakini hatukumtumia. CIA wakasema ehe, ndo yule pandikizi tuliyeambiwa. Wakamfungia siku 1,277, sehemu kubwa kwenye chumba cha zege kisicho na dirisha ambacho walikijenga kwa ajili yake tu. Jamaa akawa anachomoa nyuzi kwenye nguo anatengeneza kete za chesi ili asirukwe na akili, akatengeneza na kalenda kwa manyoya ya nguo. Wakaja kumwachia, wakampa na kazi ya ushauri hapo hapo CIA. Miaka mingi baadaye bado kuna wastaafu walikuwa wanabishana kama alikuwa mkweli, maana na yeye alidanganya cheo, alisema luteni kanali kumbe kapteni. Ndo ujue hii biashara haina malaika.

Na Golitsyn alipowaambia kuna pandikizi ndani ya CIA na jina lake linaanzia na K, maofisa wenye majina ya K wakaanza kuwekwa pembeni mmoja mmoja. 1980 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwafidia. Tafakari, mtu mmoja na herufi moja.

Sasa nirudi kwa Bezmenov wa kwenye grupu la msiba. Muulize swali moja tu: alikaa meza gani? Alikuwa shirika la habari la Novosti, New Delhi. Kazi yake kuandika makala tamu kuhusu Urusi, kuwapokea wageni, kuwalisha na kuwanywesha mpaka warudi kwao wakisifia. 1970 akavaa kihippi, akajichanganya na vijana wazungu waliokuwa wanazurura India, akatokomea, baadaye Canada kwa jina jipya. Anapokueleza namna wageni walivyokuwa wanazungushwa na Novosti namsikiliza kwa makini sana, alikuwa jikoni. Anapokueleza kwamba asilimia 85 ya nguvu za KGB zinakwenda kwenye kubadilisha fikra na 15 tu kwenye ujasusi, nauliza nani alimwonyesha bajeti? Mwandishi wa makala New Delhi?

Alafu 1984 alisema hatua ya kwanza kwa Marekani imeshakamilika. Miaka saba baadaye iliyosambaratika ni Moscow.

Nawasilisha.

Kibatari

Nimekaa pale na karanga zangu. Ila mleta uzi hilo grupu la msiba lifungeni jamani marehemu apumzike

Jicho la Tatu

Mkuu umeandika vizuri lakini umechagua nyama laini tu. Nakuletea mfupa.

Walter Krivitsky. Jasusi mkubwa wa Stalin Ulaya, alitoroka 1937. Mwaka 1939 mwezi wa 4 akaandika kwenye gazeti la Marekani kwamba Stalin anamtongoza Hitler. Wasomi wa mrengo wa kushoto walimtukana, wakasema tapeli, hata si ofisa, katengenezwa. Tarehe 23 mwezi wa 8 mwaka ule ule Moscow na Berlin wakasaini mkataba mbele ya kamera. Na 1940 aliwaambia Waingereza kuna kijana wao mwandishi wa habari alitumwa Hispania wakati wa vita na KGB ya enzi hizo, hawakumfuatilia ipasavyo, kumbe anaendana kabisa na Kim Philby, ofisa wa ujasusi wa Uingereza aliyekuwa mtu wa Moscow, ambaye aliwala mpaka 1963 akatorokea Moscow. Krivitsky mwenyewe Februari 1941 akakutwa amekufa hotelini Washington, risasi kichwani.

Kwa fomula yako ya "alikaa meza gani", utabiri wa Stalin na Hitler ungeutupa, maana ni mkakati, si faili.

Na huyo Golitsyn unayemcheka, kitabu chake cha 1984 kilisema atakuja kiongozi mpya Moscow anayejifanya mpole, wapinzani watarudishwa, hata ukuta wa Berlin unaweza kubomolewa. Gorbachev kaingia 1985. Ukuta 1989. Mwandishi Mark Riebling alikaa akahesabu utabiri 148, akasema 139 ulikuwa umetimia kufikia 1993. Wewe tipsta gani unayemjua anapiga 139 kwa 148?

Hawa watu mnawaita vichaa mpaka nyumba inaungua ndo mnauliza kwanini hamkuambiwa.

Jembe la Mkono

Mimi naona mnabishania vivuli. Hawa wote walikuwa wanalishwa na CIA na MI6 (ujasusi wa Uingereza). Nyumba, pasipoti, pensheni, jina jipya. Mtu aliyepewa nyumba atamsema vibaya aliyempa nyumba?? Mtalaka umuulize habari za mume wa zamani halafu uandike kama historia. Hapana aisee. Propaganda tu ya kibeberu, na hao hao mabeberu waliotuulia Lumumba leo tunakaa kuwachambulia makachero wao wazuri na wabaya.

Jicho la Tatu

@Jembe la Mkono habari ya mtalaka umeiingilia pabaya kaka. Viktor Kravchenko alikuwa ofisa wa manunuzi wa Urusi pale Washington, akaasi 1944, akaandika kitabu kuhusu njaa na kambi za Stalin. Gazeti la wakomunisti Paris likaandika muongo, hata kitabu hakuandika yeye. Akawashtaki. Kesi ikasikilizwa Paris 1949, na Moscow unajua ilimleta nani kwa ndege kutoa ushahidi? Mtalaka wake. Live. Mama wa watu kasimama kizimbani anasoma alichopewa.

Upande wa Kravchenko akaja mwanamke Mjerumani, Margarete Buber-Neumann, mkomunisti wa zamani, mumewe aliuawa na Stalin, yeye akafungwa kambini Kazakhstan, halafu 1940 Warusi wenyewe wakamvusha darajani Brest-Litovsk wakamkabidhi kwa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, akaenda kukaa kambi yao ya Ravensbrück miaka mingine mitano. Mahakama ilikaa kimya. Kravchenko akashinda. Kwahiyo pensheni au hakuna pensheni, kambi zilikuwepo.

Mchungulia Dirisha

Jicho la Tatu hapo kwa Kravchenko na Krivitsky umenipiga na nakubali, sina sababu ya kukaza shingo. Ila angalia vizuri Krivitsky alikuwa wapi, ofisa mkubwa wa ujasusi Ulaya magharibi, mawasiliano ya Stalin kumchumbia Hitler aliyaona yanapita. Hakuota. Alikaa meza ile ile. Na alisema kitu ambacho kingeweza kushindikana! Kama 1939 inaisha bila mkataba, Krivitsky anaumbuka mchana kweupe.

Golitsyn lini angeumbuka? Hizo 139 zako, nyingi ni "watalegeza hiki, watalegeza kile". Sawa walilegeza. Lakini yeye hakusema watalegeza na kuanguka, alisema watalegeza kwa MAIGIZO, chama kikiwa nyuma ya pazia, na mwisho Urusi na China zinaungana zinakuwa ngumi moja. Tipsta anayekwambia Simba atafungwa lakini kufungwa kwenyewe ni mbinu ya kuchukua ubingwa, nusu ya mkeka ikichanika anakuambia subiri.

@Jembe ya pensheni ni kweli na mimi siifichi, lakini tusiwe wavivu. Anayelipwa anaweza kusema kweli na anayejitolea anaweza kusema uongo. Tunaangalia karatasi.

Babu Mstaafu

Vijana nimesoma uzi wote bila miwani nikarudia na miwani.

Hii habari ya kwamba Mchina na Mrusi walikuwa wanaigiza ugomvi, huyo aliyeisema angekuja kukaa Dar es Salaam wiki mbili tu. Sisi jioni tulikuwa tunafungua redio ya betri, Moscow inatangaza kwa Kiswahili, unazungusha kidogo unaikuta Peking nayo kwa Kiswahili, na wanatukanana. Peking inamwita Mrusi msaliti wa Lenin. Moscow inasema Mao ni mbaguzi. Baba yangu mzee wa shamba asiyejua Marx ni nani alikuwa anasema hawa wake wenza leo wameamka vibaya.

Mkutano wa mshikamano wa Waafrika na Waasia ulifanyika Moshi, Februari 1963. Moshi hapa hapa kwa Wachaga. Wageni walikuja kuzungumzia ukoloni, wakaishia kutazama wajumbe wa China na wa Urusi wakivutana hadharani, Mchina akiwanong'oneza Waafrika kwamba Mrusi naye ni mzungu tu.

Na kwenye ukombozi ndio usiseme. Wapigania uhuru wa Zimbabwe, chama cha ZAPU kilikula kwa Mrusi, cha ZANU kikala kwa Mchina. Mgagao kule Iringa Wachina walikuwa walimu wa kijeshi wa ZANLA, jeshi la ZANU. Mwaka 1976 walipojaribu kuwachanganya vijana wa pande mbili kuwa jeshi moja waliuana wao kwa wao kambini, Mgagao na Morogoro. Wazimbabwe kwa Wazimbabwe, kwenye ardhi yetu, kila mmoja na bwana wake. Angola vivyo hivyo, Wachina walikwenda Zaire 1974 kuifundisha FNLA, Mrusi na Mcuba wakawa na MPLA. Mtu anaigiza mpaka anazika?

Reli ya TAZARA nayo. Kilomita 1,860. Mchina hakuijenga kwa kumpenda Nyerere peke yake, alikuwa anataka dunia nzima ione kwamba yeye anaweza alichokikataa mzungu na ambacho Mrusi hakukitaka. Nilipanda mwaka wa kwanza, nimekaa dirishani mpaka Mlimba sijafumba jicho, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kibatari

"hawa wake wenza leo wameamka vibaya" 😂😂 mzee shikamoo, uchambuzi wa kimataifa umeishia hapo

Mchungulia Dirisha

Shikamoo mzee wangu. Hii ndo nilikuwa naitafuta. Na wakati damu inamwagika kisiwa cha Damansky mtoni Ussuri, Machi 1969, Mrusi na Mchina wanapigana risasi, bado Golitsyn na wafuasi wake walikuwa wanaona maigizo.

Kitamu zaidi, aliyemuumbua ni mtoro mwenzake. Stanislav Levchenko, KGB aliyejificha Tokyo kama mwandishi wa habari, akatoroka 1979. Akaeleza namna walivyoghushi "wosia" wa Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, ukachapishwa na gazeti kubwa la Japani, Sankei, Januari 1976 Zhou akiwa ndo kwanza kafariki, lengo kuwachafua viongozi wa China na kumfanya Mjapani awaogope. Sasa kama Moscow na Peking ni kitu kimoja, nani anamghushia wosia marehemu wa mwenzake?

Wa Kongowea

Wakuu niko Mombasa, wacha nilete ya huku. Aprili 1965 meli ya Urusi inaitwa Fizik Lebedev iliingia bandari yetu imebeba silaha, wakasema ni zawadi kwa jeshi la Kenya. Zikakaguliwa, Kenyatta akasema hizi ni kuukuu, rudisheni. Meli ikageuza. Na mwezi huo huo watu wakaanza kusema Jaramogi Odinga, makamu wa Kenyatta, ndiye anataka kupindua, ile shule ya chama waliyoiita Lumumba Institute wakaifunga mwaka ule ule.

Sasa muulize Bezmenov hapo hatua nne ziko wapi? Manze mimi nasoma hii history naona watu wa Moscow walikuwa wanabahatisha tu kama sisi sote. Wanaleta silaha mzee, zinakataliwa. Wanasomesha vijana kwenye chuo cha Lumumba Moscow, kijana anarudi na digrii ya uhandisi anafungua hardware Nakuru. Jaramogi mwenyewe alikuwa na marafiki Moscow na Peking at once na hakuna aliyemmiliki. Mpango wa miaka 20 gani huo, hata meli haikupakuliwa.

Mama Zuhura

Naomba niwatoe kidogo kwenye kucheka.

Mimi nimestaafu uuguzi. Miaka ya tisini mwanzoni wodini kwetu, mgonjwa unamwelekeza kuhusu kinga ya UKIMWI anakusikiliza kwa adabu, halafu anakwambia "sista mbona huu ugonjwa Wamarekani wametengeneza maabara watumalize, na hizo kondomu si ndizo zenyewe zinazouleta". Nimeisikia hiyo si mara moja, nimeisikia kwa mwalimu, kwa dereva, kwa mke wa mchungaji. Mmoja alikuwa na mchumba, alikataa kabisa, alivaa kitenge cha kijani, namkumbuka mpaka leo kwasababu mwaka uliofuata niliwapokea wote wawili.

Nilikuja kusoma baadaye ile hadithi ilianzia wapi. Barua isiyo na jina kwenye gazeti la India, Patriot, Julai 1983, gazeti lenye uhusiano na Moscow. Ikalala. Oktoba 1985 gazeti la Moscow lenyewe likaifufua. 1986 kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote pale Harare kikagawiwa kijitabu chenye maelezo "ya kisayansi", mwanasayansi wa Ujerumani Mashariki, Jakob Segal, anaeleza virusi vimetengenezwa Fort Detrick, kituo cha jeshi la Marekani. Waafrika tukakipokea, tulikuwa na sababu za kuamini, wametufanyia mengi. Mwaka 1992 Primakov, mkuu wa ujasusi wa Urusi, akakiri ni wao.

Kwahiyo mimi mtu akiniambia hao waliotoroka walikuwa waongo wote namuuliza huyo Levchenko aliyewaeleza wabunge wa Marekani mwaka 1982 kwamba kuna idara nzima ya kupika uongo na kuutia kwenye magazeti ya nchi za watu, alikosea wapi?

Jembe la Mkono

Dah. Pole mama. Hii ya Harare nilikuwa naijua kama ukweli mpaka jana. Sijui hata niseme nini, nimeisema mwenyewe vijiweni mara ngapi.

Ila bado, Tuskegee ilikuwepo kweli. Watu weusi wa Alabama waliachwa na kaswende miaka 40 makusudi. Uongo wa Mrusi ulipandwa kwenye udongo ambao Mmarekani aliulima mwenyewe.

Mama Zuhura

Hilo ni kweli mwanangu, na ndio maana ulishika.

Jicho la Tatu

Sasa si mnaona? Mama Zuhura kathibitisha. Kama walikuwa na idara ya kupika uongo, basi Bezmenov alikuwa sahihi, walikuwa wanahujumu fikra.

Mchungulia Dirisha

Jicho hapana, tenganisha. Kuna idara ya kupika uongo, ndiyo, hiyo imethibitishwa mara tatu nne kutoka pande tofauti, na mafaili ya Mitrokhin yakaja kukazia, yule mtunza nyaraka wa KGB aliyenakili kwa mkono miaka 12 akawa anafukia makaratasi chini ya sakafu ya nyumba yake ya shamba. Lakini kutoka "walipika uongo" mpaka "walikuwa na ratiba ya kuangusha kila nchi na inaendelea mpaka leo na mwanao kusuka rasta ni hatua ya kwanza" kuna safari ndefu na basi halijafika.

Sasa niwape wa mwisho ambaye kwangu ndo bora kuliko wote. Oleg Gordievsky. Alifanyia kazi Waingereza tangu 1974 akiwa bado ofisa wa KGB, akapanda mpaka akawa anaandaliwa kuongoza kituo chao cha London. 1985 akaitwa Moscow, akashtukiwa, Waingereza wakamtorosha mwezi wa 7 kwenye buti la gari mpaka Finland. Pale mpakani mbwa wa ukaguzi walianza kunusa, mke wa mwanadiplomasia akatoa mtoto wake mchanga akambadilisha nepi juu ya buti lile lile, wakawarushia mbwa na chipsi za pakiti. Mbwa wakaondoka. Utadhani muvi.

Aliyaleta maelekezo halisi kutoka makao makuu, na yalichapishwa, unaweza kusoma. Kuna operesheni moja iliitwa RYAN, ya kuanzia 1981. Andropov, mkuu wa KGB wakati huo, na wenzake walijishawishi kwamba Marekani inajiandaa kuwapiga nyuklia kwa kushtukiza, wakaagiza vituo vyote vitafute dalili. Unajua London waliambiwa wafanye nini? Wahesabu madirisha yenye taa usiku kwenye wizara ya ulinzi. Waangalie kama damu inakusanywa zaidi hospitalini. Na maofisa wa London wenyewe hawakuamini hayo mambo, walijua taa zinawaka kwasababu wafagizi wako kazini, lakini wanaripoti tu kwasababu bosi anataka ripoti. Bosi anapokea ripoti, anaogopa zaidi, anaagiza ripoti zaidi. Novemba 1983 NATO wakafanya zoezi la Able Archer, Moscow wakashika roho mkononi.

Mnaona alichokuwa anatuonya huyu? Hakuleta habari za jini lenye mpango wa miaka mia. Aliwaambia Waingereza, jamani hawa watu wanawaogopa kweli, punguzeni kelele. Taarifa zake zilifika mpaka kwa Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza. Na hata yeye si malaika, kitabu chake kilipochapwa gazetini 1995 likaandika kana kwamba Michael Foot, kiongozi wa zamani wa Labour, alikuwa wakala wa KGB, Foot akashtaki, gazeti likalipa.

Mwaka wa kwanza Golitsyn alikuwa kama Gordievsky. Tatizo hakukuwa na mtu wa kumwambia "asante mzee, sasa pumzika".

Wa Kongowea

Kuhesabu taa usiku 😂 hiyo ni kazi ya askari wa zamu anayetaka kuonekana hajalala. Mkubwa akija asubuhi: nini umeona? "Afande nimeona taa."

Babu Mstaafu

Nimefanya kazi serikalini miaka 31. Huyo Gordievsky kwenye hizo ripoti anasema kweli tupu.

Jicho la Tatu

Sawa, ya Golitsyn na China nimeachia, mzee kaniwahi na redio yake. Bezmenov siachii. Narudi nikiwa na muda.

Mchungulia Dirisha

Karibu mkuu, uzi upo.

Update: nimemtumia binamu habari ya zile taa za London na nepi ya mtoto, nikamwandikia paragrafu tatu kumweleza tofauti ya aliyeona na aliyedhani. Kanijibu kwa voisi ya sekunde tisa. Naiandika kama ilivyo: "Kaka, unaona sasa, na wewe washakuvunja maadili."

Kibatari

Hatua ya kwanza imekamilika 😂😂 grupu je, limefungwa?

Mchungulia Dirisha

Limefungwa jana usiku. Asubuhi nimeamka nimewekwa kwenye jingine, la kujengea kaburi. Meseji ya kwanza kabisa ni ile klipu.